Manyoya ya chui yanaonekana kama zulia: ninakosea wapi ninapochora kidijitali kutoka kwenye picha?

Swali, kutoka kwa Mwanagenzi wa Rangi

Salaam kwenu nyote. Kwa wiki tatu sasa ninachora uso wa chui kwenye tableti, rejea yangu ikiwa picha moja ya kamera, na nimefika mahali ambapo bidii haizai matunda tena. Manyoya nimeyachora karibu unywele kwa unywele, nikiikuza kazi mpaka pua pekee inajaza skrini, na nikiwa karibu kiasi hicho kazi hunipendeza. Nikiirudisha kwenye ukubwa wa kawaida, uso unakuwa bapa kama zulia lililotandazwa, na madoa yanaonekana yamebandikwa juu ya ngozi badala ya kuwa sehemu yake. Rangi nilizichukua kwenye picha yenyewe kwa zana ya kunyonya rangi, kwa hiyo sielewi kwa nini zimepooza. Naomba mnieleze mpangilio wa kazi mnaoufuata, na hasa ni wakati gani mnaanza manyoya.

Jibu, kutoka kwa Brashi Kongwe

Ndugu Mwanagenzi, kosa hilo ninalifahamu vizuri kwa kuwa nililirudia kwa miaka. Umeanza na jambo ambalo lingepaswa kuja mwisho. Mtazamaji huamini kwamba mnyama yuko mbele yake kwa sababu ya umbo, na umbo huletwa na mwanga na kivuli. Manyoya kazi yake ni kulivika umbo ambalo tayari lipo. Fungua tabaka jipya, ufiche yote uliyokwisha kuchora, kisha uuchore uso mzima kwa viwango vitano tu vya kijivu, ukitumia brashi nene isiyoweza kutoa unywele hata ukitaka. Tafuta taya linapogeuka kuuacha mwanga, tundu la jicho linapozama, na mfupa wa shavu unapochomoza. Ifinyie macho picha ya rejea, nayo itakuonyesha makundi makubwa ya mwanga na giza peke yake. Halafu ipunguze kazi yako iwe ndogo kama stempu: ikiwa kwa ukubwa huo huoni kichwa chenye uzito, usiendelee mbele.

Manyoya yakifika zamu yake, yaone kwanza kama mafungu yenye upande wa mwanga na upande wa kivuli, ndipo uchague sehemu chache za kuonyesha unywele mmoja mmoja. Pale yanapoelekea kwa mtazamaji, unywele huonekana mfupi sana, karibu kitone; pembezoni mwa shavu, unapolala ubavu, huonekana kwa urefu wake wote. Ukiyachora yote kwa urefu mmoja, zulia huzaliwa hapo hapo.

Kuhusu madoa, kuza picha yako na uchunguze doa moja tu kwa utulivu. Kwa kuwa manyoya yamelala kuelekea upande mmoja, nywele za manjano zinazotangulia doa huufunika ukingo wake wa mbele kwa ncha zake, na kwenye ukingo wa nyuma ni nywele nyeusi zinazopita na kulalia manjano. Kingo zote mbili zina meno, na meno hayo yote yanaelekea upande uleule. Doa lenye ukingo laini wa mviringo litaonekana limebandikwa daima, hata rangi yake iwe sahihi kiasi gani. Tena, weusi huo si mweusi mtupu: doa likiwa upande wa mwanga, ulinganishe na doa lililo chini ya taya, utaona tofauti kubwa.

Jibu, kutoka kwa Nuru ya Asubuhi

Ninakubaliana na Brashi Kongwe kuhusu umbo, ila mimi sianzi na kijivu, kwa sababu rangi inayopakwa baadaye juu ya kijivu mara nyingi hubaki na utusitusi. Huanza na rangi tangu mwanzo, nikiupima mwanga wake kila mara kwa kuigeuza kazi kuwa nyeusi na nyeupe kwa muda mfupi.

Zana ya kunyonya rangi hukupa rangi ya pikseli moja, yaani kitone kimoja kidogo cha picha, pamoja na chembechembe za kamera, ilhali jicho letu huiona rangi kwa kuilinganisha na jirani yake. Kahawia ile ile huonekana ya dhahabu kando ya kivuli cha samawati, na huonekana tope kando ya kahawia nyingine. Jiulize kwanza mwanga ni wa joto au wa baridi. Chini ya anga wazi, manyoya yaliyo kivulini hupokea samawati ya anga, na sikio linalopigwa na jua kwa nyuma huwaka wekundu kwa sababu mwanga unapenya ngozi. Kamera mara nyingi huvimeza vivuli vya namna hii na kuviacha vyeusi, nawe ukivinakili hivyo unanakili upungufu wa kamera.

Usitegemee picha moja. Mnyama aliyepigwa picha kwa karibu mno huonekana na pua kubwa na masikio yaliyorudi nyuma, na kosa hilo litahamia kwenye mchoro bila wewe kujua. Kusanya picha nyingine za chui kutoka pande mbalimbali, na za fuvu lake pia. Mchoraji wa Ujerumani Albrecht Dürer alipotengeneza chapa ya mbao ya kifaru wake mwaka 1515 hakuwa amemwona mnyama huyo, alikuwa na maelezo na mchoro wa mtu mwingine tu, na akamvika mabamba kama deraya na kumwekea pembe ndogo mgongoni. Mkono wake ulikuwa hodari kupita kiasi. Kilichopungua ni rejea.

Jibu, kutoka kwa Mlinda Haki

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Je, picha hiyo ni yako? Ikiwa si yako, omba ruhusa ya aliyeipiga kabla ya kuisambaza au kuiuza kazi yako. Picha zenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ambayo mwenye kazi huitoa kwa umma kwa masharti, zinatofautiana: herufi NC zinakataza matumizi ya biashara, na ND zinakataza kusambaza kazi iliyotokana na picha hiyo, mchoro wako ukiwemo.

Mwanagenzi wa Rangi

Nawashukuru sana. Ruhusa ya mpiga picha ninayo. Nimechora upya kwa viwango vitano, na kwa mara ya kwanza kichwa kinaonekana kina mifupa ndani. Kilichobaki ni macho, ambayo yanatazama kama ya mwanasesere.

Brashi Kongwe

Hongera. Bila shaka umeyapa macho mwanga sawa juu na chini. Kope la juu hudondosha kivuli kwenye jicho, kwa hiyo sehemu ya juu ya duara la rangi iwe na giza zaidi, na ule upande ulio mkabala na nuru inapoingilia uwe ndio unaong'aa. Mboni ya chui ni ya mviringo, si mfereji wima kama ya paka wa nyumbani. Kimulimuli cheupe kiweke mwisho, kimoja kwa kila jicho, kikifuata umbo la chanzo cha mwanga: katika mchoro wake wa sungura wa mwaka 1502, Dürer alichora ndani ya jicho dirisha zima lililoakisiwa.