Lightroom ya kulipia kila mwezi au darktable? Na picha za wateja mnazipakia wapi?

Picha_Menengai (Nakuru):
Hamjambo wadau. Nina uamuzi wa kufanya kabla msimu wa harusi za Desemba haujafika. Kwa miaka nimehariri picha na Lightroom 6, programu ya kampuni ya Adobe, ile ya kununua mara moja, na imenilisha vizuri. Sasa nimebadilisha kamera na Lightroom imekataa katakata kufungua faili zake. Mmoja ananiambia nijiunge na Adobe ya kila mwezi, mwingine ananisukumia darktable ya bure, na jirani yangu wa studio hapa Kenyatta Avenue haoni kingine ila Capture One. Mliozitumia, nilinganishieni.

La pili, kazi ikiisha mnawapelekea wateja picha kwa njia gani? Instagram inakata vichwa vya maharusi, na WhatsApp inazitia ukungu.

La tatu ni mgongo. Nikitoka harusini siwezi kuinama kufungua kamba za viatu. Nimeanza kukimbia asubuhi upande wa Milimani. Kazi hii naipenda na nataka kuifanya hadi uzeeni, kwa hivyo kama kuna zoezi lililowasaidia, semeni.

Dunga_Lenzi (Kisumu):
Omera, umeuliza nusu ya swali. Kamera gani? Unapiga RAW (faili ghafi ya kamera) au JPEG (picha ambayo kamera imeshaiandaa)? Laptopu ina RAM ngapi, na diski ni SSD au ile ya kuzunguka? Unatoka harusini na picha ngapi? Bajeti je? Bila hayo kila mtu atakutajia anachotumia yeye.

MamaStudio (Kondele, Kisumu):
Mimi sihitaji kujua kamera yake. Darktable. Naitumia kwenye Linux na haijawahi kuniomba shilingi. Kila mwaka toleo jipya hutoka mara mbili, la pili karibu na Krismasi.

Wacha niwaambie kilichonivuta. Harusi zetu ni za hema. Jua la saa saba likipita kwenye hema la njano au la zambarau, ngozi nyeusi inageuka rangi ambayo bibi harusi mwenyewe hajitambui. Ukivuta kitelezi cha joto la rangi, uso unapona lakini gauni linakuwa la samawati. Kwenye darktable nachagua eneo kwa rangi yake na kwa mwanga wake, narekebisha ngozi peke yake, na gauni linabaki jeupe. Lightroom 6 haina kitu hicho. Watu wanataka kujiona walivyo, na kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Omwami_Shinyalu (Kakamega):
Mulembe mama. Ni kweli, lakini mwambie pia ukweli wa siku ya kwanza. Ukifungua RAW kwenye darktable picha inakuja imepooza, haifanani kabisa na ile uliyoiona nyuma ya kamera, kwa sababu ile ya kamera ni JPEG iliyokwisha kupikwa. Vijana wengi hukimbia hapo hapo. Inataka uvumilivu wa kujifunza moduli zake, yaani vifaa vyake vya kuhariri, na zipo nyingi mno. Mtu mwenye harusi kila Jumamosi atajifunza lini?

Picha_Menengai (Nakuru):
Samahani wadau. Kamera ni Canon R6. Napiga RAW kwenye harusi, na JPEG kwenye mahafali ya shule. Laptopu ni ThinkPad ya mtumba, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Harusi moja hutoa picha elfu mbili hivi. Lenzi yangu kubwa bado ni ile 70-200 ya EF, aina ya zamani ya Canon, kwa adapta. Bajeti ni ndogo, ila nikiona faida nitalipa.

Dunga_Lenzi (Kisumu):
Sasa tunazungumza. Tatizo lako liko wazi. Lightroom 6 ilitoka 2015 na Adobe waliacha kuiongezea kamera mpya mwishoni mwa 2017. R6 ni ya 2020 na inaandika RAW za aina ya CR3, ambazo Lightroom 6 haizijui. Kabla hujalipa mtu yeyote, pakua Adobe DNG Converter. Ni ya bure kabisa. Inageuza CR3 kuwa DNG, yaani RAW ya aina ya Adobe, kisha Lightroom 6 yako inazifungua. Ni hatua moja zaidi kila kazi, lakini Desemba utaivuka.

Pia Canon wenyewe wana programu ya bure, Digital Photo Professional, inayosoma CR3 na kutoa rangi zile zile za kamera. Kwa picha elfu mbili ni nzito, lakini kwa picha chache za studio ni nzuri.

Flamingo_Mweupe (Nakuru):
Mimi ninalipia Adobe na sijutii. Natumia kadi ya M-Pesa GlobalPay, haina shida. Bei za Marekani mwaka 2025, Lightroom yenye hifadhi ya TB 1 ilikuwa dola 11.99 kwa mwezi, na ile yenye Photoshop ndani ilikuwa dola 19.99. Ule mpango wa zamani wa GB 20 wameufungia wateja wapya. Nalipa kwa furaha kwa sababu ya kitu kimoja: kuondoa kwa AI zile chembechembe za picha za gizani, iliyokuja Aprili 2023. Risepsheni za usiku Njoro na Lanet, taa moja na jenereta, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iko juu, na picha inatoka safi.

MamaStudio (Kondele, Kisumu):
Kwa ThinkPad ya GB 8 isiyo na kadi ya michoro? Picha moja itachukua dakika nyingi. Mwambie hilo pia.

Flamingo_Mweupe (Nakuru):
Sawa, hapo umesema kweli. Mimi nina kadi ya michoro. Yeye afanye zile chache za albamu tu.

Jicho_la_Webuye (Bungoma):
Kabla mtu hajamshauri ndugu yetu atafute Lightroom "ya kufunguliwa", ile ya leseni bandia, ya shilingi mia tano, naomba msome hili hadi mwisho.

Nilinunua laptopu kwenye duka moja mjini, ikiwa tayari imewekewa Lightroom mpya na Photoshop. Muuzaji alisema ni zawadi. Ilifanya kazi vizuri, nikaisifu kwa marafiki. Kisha nikafanya harusi ya Butere, familia kubwa, nusu ya wageni wametoka ng'ambo. Nilinakili picha jioni, nikaanza kuchagua, nikalala. Asubuhi kila faili ilikuwa na mkia wa herufi nisizozijua, na kwenye kila folda kulikuwa na barua ya kudai Bitcoin. Picha za harusi, za mazishi, za ubatizo, hata za mtoto wangu akiwa mchanga, zote zimefungwa. Diski ya nje ilikuwa imechomekwa usiku huo, nayo ikaliwa.

Fundi alinieleza kwamba kile kifaa cha kudanganya leseni ndicho kilichoingiza hicho kidudu, na kwamba kilizima kinga ya Windows tangu siku ya kwanza. Nilirudi dukani, wakasema hawahusiki. Kilichoniokoa ni kwamba kamera yangu ina nafasi mbili za kadi, na nilikuwa sijafuta hata moja. Harusi ya Butere ilipona. Za miaka iliyopita hazikupona. Bado wapo wazee wanaonipigia kuulizia picha za marehemu wao, na sina la kuwapa.

Kwa hivyo iwe darktable, iwe Adobe ya kulipia, iwe yoyote. Lakini ipakue kwenye tovuti ya wenyewe. Na R6 yako ina nafasi mbili za kadi, zitumie zote.

Omwami_Shinyalu (Kakamega):
Pole sana ndugu. Hiyo ya picha za marehemu imeniuma.

Dunga_Lenzi (Kisumu):
Pole omera. Naongezea la Adobe: mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi si sawa na wa mwezi kwa mwezi. Siku 14 zikipita ukajitoa, wanakutoza nusu ya pesa za miezi iliyobaki. Serikali ya Marekani iliwashtaki Juni 2024 kwa kutoiweka ada hiyo wazi. Soma vizuri kabla hujabonyeza. Zuri ni kwamba ukiacha kulipa, Lightroom Classic inaendelea kufungua katalogi yako na kutoa picha, ila ile sehemu ya kuhariri inafungwa.

Capture_Kericho:
Mnaipita Capture One kama haipo. Rangi za ngozi nje ya boksi sijaona mshindani. Ukipiga studio kamera ikiwa imeunganishwa na laptopu, mteja anaona picha papo hapo kwenye skrini. Unaweza kuinunua ikawa yako.

Flamingo_Mweupe (Nakuru):
Kuinunua kunazidi gharama ya mwaka mzima wa Lightroom, na toleo jipya likija unalipa tena. Ametaja bajeti ndogo.

Capture_Kericho:
Ametaja pia kwamba akiona faida atalipa. Mnachagua mstari wa kusoma.

MamaStudio (Kondele, Kisumu):
Tuje kwenye kuwapelekea wateja. WhatsApp ukituma kama picha, inabanwa. Tuma kama hati, inafika nzima. Ila jihadhari: ikitumwa kama hati inabeba taarifa zote za ndani, pamoja na mahali ilipopigwa kama GPS ilikuwa imewashwa. Mimi hutoa picha bila taarifa za mahali.

Kwa albamu nzima natumia kiungo cha Google Drive. Bure ni GB 15, zinazogawanywa na Gmail na Google Photos, kwa hivyo zinajaa upesi. Pixieset, tovuti ya albamu za wateja, inapendeza zaidi machoni lakini ya bure ni GB 3. Flickr naiweka kwa kazi zangu binafsi, picha 1,000 mwisho kwa asiyelipa. Mteja wangu wa Kondele hataki akaunti mpya wala neno la siri. Anataka abonyeze aone.

Instagram: toa picha yako upana wa pikseli 1,080, wima 4:5, uikate mwenyewe kabla haijakukatia. Tangu 2025 inakubali pia 3:4.

Wakili_Mpigapicha (Kisumu):
Mwanzilishi ametaja mahafali ya shule na hakuna aliyemuuliza. Una kibali cha wazazi cha kuzipakia mtandaoni? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja nayo ilitozwa Sh1,850,000 kwa picha ya mteja. Weka kipengele cha idhini kwenye mkataba wako, na mtoto asiingie Instagram yako mpaka mzazi atie sahihi.

Omwami_Shinyalu (Kakamega):
Wakili, na mapigano ya mafahali huku kwetu? Umati wa watu elfu, nitamtafuta kila mmoja atie sahihi?

Wakili_Mpigapicha (Kisumu):
Umati ni jambo moja, uso wa mtu mmoja kwenye bango la biashara yako ni jingine. Anzisha mada yake, tutajadili.

Mbio_na_Picha (Eldoret):
Nilisubiri mtu aguse mgongo. R6 ni gramu 680, na hiyo 70-200 f/2.8 kama ni toleo la tatu ni gramu 1,480, ongeza adapta. Zaidi ya kilo mbili zinaning'inia upande mmoja wa shingo tangu asubuhi, na unashangaa? Nunua mkanda wa mabega mawili, uzito ushuke kiunoni. Kukimbia ni kuzuri kwa pumzi, lakini mgongo unataka misuli ya tumbo na ya makalio: planki, daraja ukiwa umelala chali, kuchuchumaa na uzito mdogo. Na maumivu yakishuka mguuni, acha kutuuliza sisi, nenda kwa mtaalamu wa viungo.

Flamingo_Mweupe (Nakuru):
Kimbia Menengai. Ile njia ya kupanda hadi ukingoni mwa kreta inajenga miguu kuliko jimu yoyote.

Dunga_Lenzi (Kisumu):
Ninyi mna baridi, mnaweza kukimbia hata saa nne. Huku ziwani ikifika saa mbili jua limeshakaa mabegani. Mimi hutoka gizani kuelekea Hippo Point.

Mbio_na_Picha (Eldoret):
Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu 1,130 na kidogo. Msilinganishe muda wenu.

Jicho_la_Webuye (Bungoma):
Na mkiweka mbio zenu Strava, ile programu ya kurekodi mbio na kuwaonyesha wengine, ficheni mwanzo na mwisho wa njia. Mtu akianzia kila siku kwenye mlango wa studio, anawaonyesha watu kamera zinapolala. Januari 2018 ramani ya Strava ilifichua hata kambi za jeshi.

Picha_Menengai (Nakuru):
Asanteni sana, sikutegemea majibu mengi hivi. Nimeficha njia yangu ya Strava leo leo. Nimepakua DNG Converter na Lightroom 6 imefungua picha za R6, nimefurahi kupita kiasi. Lakini folda ya DNG imekuwa kubwa karibu mara mbili ya CR3 na SSD imejaa. Ni kawaida? Darktable nimeiweka pia, nitaijaribu kwa picha za hema. Kuhusu Adobe bado sijaamua.

Dunga_Lenzi (Kisumu):
Si kawaida. Angalia mipangilio, huenda umewasha ile ya kuweka RAW asilia ndani ya DNG. Izime, urudie. Na CR3 usizifute.

Capture_Kericho:
Pakua basi na majaribio ya bure ya Capture One, uone ngozi.

Mgeni_Vihiga:
Habari zenu. Mimi natumia Fuji. Haya yote yananihusu ama nianzishe mada yangu?