Naomba ushauri: darubini ya kupigia picha za ndege kwa simu

Kijana_wa_Usa: Wakuu, heshima zenu. Nasomea uongozaji wa watalii hapa Arusha. Kila tukienda Momella kwa mafunzo, heroe kwenye simu yangu wanatoka madoa ya waridi tu, na nikivuta kwa vidole picha inavunjikavunjika. Nimeona wenzangu wanapachika simu kwenye darubini, picha zinatoka safi. Nina laki tatu na nusu. Duka moja mjini kuna iliyoandikwa 60x60 kwa nusu ya hela hiyo. Niichukue, au nitafute 10x42? Simu yangu ina kamera tatu nyuma. Nawasilisha.

Mzee_wa_Pori: Kijana wangu, hiyo 60x60 iache hukohuko dukani. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaotokea nyuma, na huo ndio kamera ya simu inaoula. 8x42 inakupa milimita 5.25. 10x42 inakupa 4.2. Hiyo 60x60, kama namba zingekuwa za kweli, ingekupa milimita 1! Picha giza tupu. Na mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara 60.

Nenda na rula, upime lenzi ya mbele mwenyewe. Kisha nyoosha mkono, elekeza darubini kwenye mbingu nyeupe (siyo jua, nakuomba sana, jua linaua jicho na kamera), utazame lenzi za nyuma kwa mbali. Utaona viduara viwili vya mwanga. Vikiwa mviringo kamili hadi ukingoni, kioo cha ndani ni kizuri, mara nyingi utakuta imeandikwa BaK-4. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatika kama almasi, rudisha. Mimi nakushauri 8x42.

Shabiki_wa_Lenzi: Kwa nini usijichange ununue kamera yenye zumu ndefu? Simu na darubini ni usumbufu.

Kijana_wa_Usa: Ni kweli mkuu, ila darubini nitaihitaji kazini kila siku hata bila picha. Kiongozi hawezi kumwonyesha mgeni furukombe kwa kidole tu.

Dada_wa_Manyara: Mdogo wangu, Mzee kamaliza upande wa darubini. Mimi naongezea upande wa simu, maana hapo ndipo nilipoteza mwezi mzima.

Vikombe vya mpira vya machoni vishushe kabisa, la sivyo utapata shimo jeusi lenye ndege katikati. Toa kava la simu. Tumia kamera kuu, ile ya 1x, kisha vuta hadi 2x kuondoa weusi wa pembeni. Na kwa kuwa simu yako ina kamera tatu, zima ile hali ya kupiga vitu vya karibu inayojiwasha yenyewe: simu inaona lenzi ya darubini iko puani, inahamia kamera nyingine, picha yote inageuka nyeusi ghafla. Ndege keshaondoka.

Adapta, yaani kile kishikizo cha kupachika simu kwenye darubini, chagua ya kukaza kwa skrubu, siyo ya mpira mtupu, simu ni nzito. Fokasi kwanza kwa gurudumu la darubini, halafu shikilia kidole kwenye skrini fokasi ijifunge. Piga kwa saa ya sekunde 3, usiguse simu. Ukiwa garini, zima injini, laza darubini juu ya mfuko wa maharage dirishani.

Mzee_wa_Pori: Hapo kwenye injini pigia mstari. Na ulizia kama darubini ina tundu la skrubu mbele, kwenye bawaba, la kufungia stendi. Zisizo nalo zipo nyingi.

Kijana_wa_Usa: Mrejesho, wakuu. Nilikwenda na rula. Ile 60x60 lenzi yake ni milimita 35! Nikaiacha. Nimepata 8x42 duka la pili, viduara mviringo kabisa, tundu la stendi lipo. Jana nimempiga mdiria juu ya unyasi, samaki bado anapapatika mdomoni, magamba yanahesabika. Pembeni kuna weusi kidogo, nilisahau kushusha kikombe cha kushoto. Dada, maharage ya mfukoni unaweka kilo ngapi?

Dada_wa_Manyara: Kilo 2. Usiujaze, uache ulegee ili darubini izame.