Wasifu wa babu nauanzia wapi?

Mjukuu_Temeke: Wakuu habari za mchana. Babu mzaa baba tumemzika wiki tatu zilizopita, arobaini inakaribia na baba wakubwa wamenikabidhi kazi ya kuandika historia yake isomwe siku ya kisomo, wanasema mimi ndo nilikuwa nashinda naye barazani. Nimekwama mwanzo kabisa, mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho kinasema 1/7/1942 ila baba mkubwa anasema hiyo ilikadiriwa tu, shangazi anabisha kwamba mzee alishavuka 90. Tunachojua ni mtu wa Lindi, kaja Dar kijana, kafanya kazi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, toka inajengwa mpaka kastaafu. Sitaki kuandika uongo kwa mtu ambaye hata uongo wa mchezo alikuwa haupendi.

Bibi_Buguruni: Poleni sana mjukuu wangu, Mungu amrehemu. Sisi wengi hatukuandikiwa tarehe, umri unautafuta kwenye matukio. Kama ni wa Lindi ulizia kimbunga cha 1952, wazee wa kule wanakikumbuka, alikuwa ameshaingia jando au bado? Aliingia na nani? Ukimpata hata mmoja wa jando lake yuko hai umepata jibu. Halafu siku ya uhuru 1961 alikuwa ameoa, ana mtoto? Waulize wawili tofauti, kila mmoja peke yake, maana wakikaa pamoja mmoja atamfuata mwenzake.

mtoto_wa_reli: Pole mkuu. Marehemu baba yangu naye alikuwa TAZARA. Usiandike "alifanya kazi reli" ukaishia hapo, nakuomba. Ujenzi ulianza 1970 pamoja na Wachina, reli ikafika Kapiri Mposhi kule Zambia 1975, kilometa 1,860, ikakabidhiwa rasmi 1976. Ulizia babu alikuwa kipande gani, kama ni Mlimba kwenda Makambako basi hiyo peke yake ni ukurasa mzima, kule ndo kwenye mahandaki na madaraja mengi, baba akisimulia matope ya kule alikuwa anainuka kwenye kiti anaonyesha kwa mkono yalivyomfika magotini.

mama_wawili: Poleni. Mkiongea na wazee warekodi kwenye simu, usitegemee kukumbuka. Mimi ya mama sikurekodi na sauti yake naitafuta mpaka leo.

Mjukuu_Temeke: Nimerudi, asanteni sana jamani. Nimempigia bibi mdogo, mdogo wake babu, yuko Lindi, na nimerekodi. Anasema siku ya kimbunga yeye ana miaka kama mitano sita, makuti yote yaliondoka wakabaki wanatazama mawingu, babu akambeba mgongoni kukimbilia kwa jirani, na kiangazi cha mwaka uleule babu akaingia jando. Mzee mwingine wa kijijini kaniambia hivyohivyo bila mimi kumtajia, kwa hiyo tutaandika alizaliwa kati ya 1938 na 1940. Na Mlimba alikuwepo! Kwenye sanduku lake nimekuta spana imeviringishwa kwenye kaniki, ina maandishi ya Kichina, yamefutika pale kidole gumba kinapokaa. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anaipaka mafuta, sisi tukajua ya baiskeli. Baba mkubwa kaishika kakaa kimya muda mrefu, kasema siku ya kisomo iwekwe mezani. Leo usiku naanza kuandika, naanzia kwenye ule upepo, babu anakimbia na mdogo wake mgongoni.