Vidonge, jeli au unga: sabuni ipi ya mashine ya vyombo ni nafuu kweli?

MamaWatatu_TX:
Wadau habari za jioni. Niko San Antonio, Texas, ndani tuko sita, mimi na mzee, watoto watatu na mama mkwe aliyekuja kututembelea, kwa hiyo mashine ya vyombo inapiga kazi kila siku na wikendi ndo usiseme. Sasa nimeanza kukagua risiti naona hii sabuni inanikomba kimyakimya. Tunatumia vile vidonge vya rangirangi, paketi ya vidonge 35 ni kama dola 11, yaani senti 31 kwa kimoja. Shelfu hiyohiyo kuna jeli, chupa ya aunsi 75 kwa dola 6 na kitu, na chini kabisa karibu na sakafu kuna boksi la unga la aunsi 60, nalo dola 6, limejaa vumbi hakuna anayeligusa. Kuna mtu humu anatumia huo unga? Unaosha au ndo unaokoa hela halafu unarudia kwa mkono? Halafu glasi zangu zinatoka na ukungu mweupe hata nikitumia hivyo vya bei mbaya. Mama mkwe anasema tuizime mashine tununue sabuni ya kipande na steelwaya, nisaidieni hoja kabla hajashinda maana mzee ameshaanza kumuunga mkono

Kimara_Mwisho:
Dada msikilize mkweo 😂 huku kwetu mashine ya vyombo ni mdogo wangu wa form two, anatumia sabuni ya maji ya dumu na hana warranty. Halafu ndugu zangu wote niliowatembelea huko Marekani ile mashine wameigeuza kabati la kukaushia sahani, wewe ndo wa kwanza kusikia unaiwasha

hesabu_kali:
Tupige hesabu, tuache maneno. Usilinganishe bei ya boksi na bei ya boksi, linganisha kwa safari moja ya kuosha.

Unga: aunsi 60 ni kama kilo 1.7. Mashine ya kawaida gramu 20 zinatosha, hapo ni kijiko cha mezani kilichojaa. Unapata mara 85, dola 6 gawa kwa 85 ni senti 7.

Jeli: aunsi 75 ni kama kilo 2.1 lakini jeli ni nzito na nusu yake ni maji, safari moja inakula gramu 40 hivi, unapata kama mara 52, senti 11 au 12. Hapo ni kama unapima, na najua watu hawapimi, wanaminya mpaka kikombe kifurike.

Vidonge unavyotumia senti 31. Ukiosha mara moja kwa siku mwaka mzima ni dola 113, unga ni dola 26. Tofauti ni dola 87 na hapo sijaweka wikendi zako.

Ila sio vidonge vyote vina bei hiyo, vile vya chapa ya duka lenyewe viko karibu nusu ya hapo, na ukiwa na kadi ya uanachama ya duka la Costco, vya chapa yao ya Kirkland mara ya mwisho kununua viliangukia senti 11 hivi. Kama watoto ndo wanaopakia mashine mi ningechukua hivyo, kwa sababu mtoto ukimpa boksi la unga atamwaga vikombe viwili na hiyo akiba yote itaishia kwenye bomba.

bintimvita:
Waalaikum jamani. Mie niko London, maji ya huku ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, kettle ukiiangalia ndani utafikiri imepakwa chokaa. Ukungu wa glasi si kosa la sabuni mwanangu, ni maji. Mashine yako ina mahali pa kutilia chumvi, chini kabisa ndani, kifuniko cha kuzungusha. Tia chumvi yake maalum ile ya mawe, usitie ya mezani ina vitu vingine vya kuifanya isigandane vitaharibu. Mie nikishatia chumvi natumia vidonge vya rahisi kabisa vya supamaketi na glasi zang'ara.

FundiMajokofu:
Bintimvita umesema kweli kwa mashine za Ulaya, ila nyingi zinazouzwa Marekani hazina hilo tundu la chumvi. Bosch na Miele baadhi ya modeli wanalo, hizi za kawaida zinazokuja na nyumba ya kupanga hakuna, so mama asihangaike kulitafuta.

Na San Antonio maji yake mengi yanatoka Edwards Aquifer, hifadhi ya maji ya chini ya ardhi, yanapita kwenye mwamba wa chokaa, ni magumu haswa. Zamani sabuni zilikuwa na fosfeti, ndo iliyokuwa inaikamata ile chokaa isigande kwenye glasi. 2010 majimbo 16 yakaibana kwa pamoja kwa sababu ikifika mtoni na ziwani inaotesha mwani kupita kiasi, Texas haikuwemo lakini watengenezaji wakaona tabu ya kutengeneza sabuni mbili wakaitoa kote. Watu wengi waliamka wakaona glasi zina ukungu wakadhani mashine imekufa. Ulaya nao wakafuata 2017.

Cha kufanya: jaza dawa ya kusuuzia kwenye kile kitundu chake pembeni ya kikombe cha sabuni, chupa moja inakaa muda mrefu. Halafu fungua bomba la moto la sinki mpaka yaje maji moto ndo uwashe mashine, maana hizi za Marekani nyingi zinavuta kwenye laini ya moto na maji ya kwanza yanakuja ya baridi yaliyolala kwenye bomba.

Na hapa ndo unga unavishinda vidonge kwa utendaji achilia mbali bei: mashine inaanza na raundi ya kulowesha, kidonge kiko kimefungiwa ndani ya kikombe mpaka raundi ya pili, kwa hiyo raundi ya kwanza ni maji matupu. Ukiwa na unga unatupia kidogo chini kabisa au kwenye ule mlango na mafuta yanaanza kutoka mapema.

msafi_wa_asili:
Mbona mnatajirisha makampuni, changanya baking soda na siki weka kwenye kikombe, senti mbili tu

FundiMajokofu:
@msafi_wa_asili ukivichanganya vinauana hapohapo, lile povu unaloliona ndo nguvu inaondoka, unabaki na maji yenye chumvichumvi. Siki peke yake kuondoa chokaa kwenye glasi sawa, kuosha sufuria ya pilau hapana.

MamaWatatu_TX:
Asanteni sana, @hesabu_kali umenifumbua macho, mzee nimemwonyesha hiyo dola 87 amekaa kimya. Sasa swali la pili, sisi tunakula chakula chetu, sio mkate na saladi. Ukoko wa ugali, maharage ya nazi, mayai ya watoto asubuhi, na vile vikontena vya plastiki vimekuwa vya njano kabisa kwa bizari. Huo unga utaviweza? Na kuna sufuria zangu nilibeba kutoka nyumbani zimekuwa nyeusi ndani ya mashine, hiyo nayo ni sabuni?

FundiMajokofu:
Sufuria za alumini TOA LEO. Sabuni ya mashine ina soda kali, inaila alumini inakuwa nyeusi au kijivu, iwe unga iwe kidonge. Hizo osha kwa mkono pamoja na miiko ya mbao, hapo mama mkwe apewe haki yake.

Ugali na wali ni wanga, yai ni protini, kila kimoja kina enzaimu yake ya kukivunjavunja, soma nyuma ya boksi utaona amylase na protease, kama hazipo usinunue hata kama ni dola 3. Na usisuuze vyombo mpaka ving'ae kabla ya kupakia, kwangua makombo tu. Ukoko ule mnene loweka.

Kwa bizari unga ni mzuri kuliko jeli, ndani yake kuna kitu kinachong'arisha kwa oksijeni kama jiki ya taratibu. Jeli kwa kawaida huwezi kuweka hicho na enzaimu pamoja, zikikaa kwenye chupa moja enzaimu inakufa. Kwa hiyo jeli iko katikati kwa bei na mwisho kwa kazi, mi siielewi kabisa kwa nini inauzika.

bintimvita:
Hiyo plastiki ya njano iosheni kisha iwekeni juani siku mbili tatu, rangi ya bizari haistahimili jua. Texas jua mnalo la bure, sie huku twalisubiri mpaka Julai.

Kimara_Mwisho:
Swali la kizushi, huo unga naweza kufulia?

hesabu_kali:
@Kimara_Mwisho hapana, utaharibu nguo na mikono. @MamaWatatu_TX ukinunua unga usiuache kwenye boksi la karatasi chini ya sinki, unyevu ukiingia unagandana unakuwa jiwe, hamishia kwenye ndoo yenye kifuniko, andika juu, weka mbali na mtoto mdogo maana ni mkali kweli ukiingia mdomoni au machoni. Ndani tumbukiza kijiko kimoja cha mezani, na huo ndo uwe ukomo.