Ufunguo wa choo cha walemavu anao nani?

Wenzangu wa Mombasa, salaam. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Likoni, natembelea wilchea mwaka wa tisa sasa. Uzi wangu kwa kawaida ni wa kushonea nguo. Huu nimeufungua kwa hasira, mnivumilie.

Jumanne nilivuka feri, nikapanda tuktuk hadi Biashara Street kutafuta bitana. Siku ya kwenda mjini mimi sinywi maji tangu alfajiri. Nikikaribishwa kahawa nakataa, watu wanadhani nimefunga sunna. Nimefunga kweli, lakini kwa kuogopa choo.

Kwa wasiojua: niliumia uti wa mgongo, mkojo ukija siusikii. Nautoa kwa mpira mwembamba wa kupitishia mkojo kila baada ya saa nne hadi sita, na hapo mikono iwe safi na mahali pawe pakavu. Ukijinyima maji na joto hili letu, halafu ucheleweshe, maambukizi ya njia ya mkojo hayako mbali. Nimeshalazwa mara mbili.

Saa saba mchana nikafika choo kimoja cha umma katikati ya mji. Shilingi ishirini, nikalipa. Fundi hakosi futi mfukoni, nikapima mlango: sentimita 61. Wilchea yangu ni 66. Na ndani ni vya kuchuchumaa, vigae vimerowa. Lakini pembeni pana mlango mpana wa buluu, umechorwa mtu kwenye wilchea, mchoro mzuri hasa. Na kufuli juu yake.

"Ufunguo anao bosi, ameenda kula," akaniambia aliyepokea pesa.

"Arudi saa ngapi?"

"Huwa anarudi tu."

Nilikaa pale dakika arubaini, jasho likinitoka si la jua. Bosi akaja na kijiti cha meno mdomoni, akafungua. Madebe ya rangi. Mafagio. Katoni za sabuni. Na pikipiki, wallahi, pikipiki nzima imeegeshwa, tairi la mbele limegusa sinki! Chuma cha kushikilia kimeanikwa ovaroli. Nikamuuliza, akanijibu bila haya: "Kwani nyinyi huja? Chumba kilikaa bure, ndiyo tukaweka vitu."

Tutakuja vipi na mmetia kufuli?

Mnataka kujua nilivyofanya? Madereva wawili wa tuktuk, Mungu awalipe, walinizungushia leso mpya niliyomnunulia mke wangu, nyuma ya tuktuk, kando ya barabara. Mtu mzima wa miaka 47, nimezibwa kwa leso kama mwari. Ile leso sikumpa mke. Sikuweza.

Sasa msiniambie serikali haina sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Kifungu cha 43 kinataja usafi wa viwango vinavyofaa kwa kila mtu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe, na 2025 tukapata nyingine mpya. Karatasi tunazo. Na kwa choo kile hata fundi mwashi hahitajiki! Mlango upo, sinki ipo, vyuma vipo. Kuna mtu alilipwa pesa za umma kukijenga, kikageuzwa stoo.

Panapojengwa upya, pimeni basi: mlango sentimita 90, nafasi ya kugeuza kiti mita moja na nusu, choo cha kukaa, vyuma pande mbili, sakafu isiteleze. Jirani yangu mama mmoja anatembelea magongo. Yeye kwenye choo cha kuchuchumaa huyaacha magongo mlangoni, ajishikilie ukutani kwa mkono mmoja na buibui kwa mwingine. Siku za mwezi haendi mjini kabisa. Hilo alimwambia mke wangu, mimi nisingethubutu kuuliza.

Na yule atakayeniandikia hapa "si uvae pampas", aanze yeye, avae kutwa nzima mwezi wa pili, halafu aje tuzungumze.

Jumatatu narudi mjini, bitana haikutosha. Bosi wa ule ufunguo, ukisoma hapa, itoe pikipiki yako. Saa saba nitakuwa mlangoni, na siku hiyo nitakunywa chai yangu vikombe viwili.