Birika na Mkono Wake

Kikundi: Ukoo Mmoja
Jumapili, 19/04

Dada Mkubwa: [picha]
Shikamooni wote mnaostahili. Nipo kwa wazee tangu jana. Naomba mnieleweshe, huu mstari mwekundu kwenye birika la umeme ni wa nini?

Kitinda: Hiyo si rangi ya kucha?

Dada Mkubwa: Rangi ya kucha ya Mama! Nimefungulia maji nichemshe chai, Baba huyo mlangoni kama askari wa zamu: "Umevuka mstari." Nusura niliangushe.

Kaka: 😂😂 Kumbe mkono wa birika sasa umepata na birika lake

Shangazi: Huyo ni kaka yangu tangu utoto. Penseli alikuwa anaichonga mpaka haishikiki, halafu anaichomeka kwenye mrija wa kalamu iliyoisha wino na maisha yanaendelea.

Baba: Marahaba wanangu. Mstari ule ni vikombe viwili. Katika nyumba hii tumebaki watu wawili. Birika linachukua lita 1.7. Mama yenu alikuwa analijaza pomoni, tunakunywa vikombe viwili, yaliyobaki yanapoa, baada ya saa mbili yanachemshwa tena. Maji yaleyale yanachemshwa mara nne kwa siku na hakuna aliyeyanywa. Kuchemsha lita moja ni kama sehemu ya kumi ya uniti. Pigeni hesabu wenyewe. Wenu, Baba.

Kitinda: Baba, huku kwenye kikundi hatuweki sahihi mwishoni 😂

Baba: Mimi naweka. Wenu, Baba.

Mama: Na ile rangi ilikuwa mpya, sijaipaka hata mara moja. Hilo hajalisema.

Kaka: Kwa birika nipo upande wako Baba. Ila wiki iliyopita umenipigia saa nne usiku kuniuliza kama nimechomoa chaja. Chaja yangu. Nyumbani kwangu.

Baba: Umeme hauchagui nyumba.

Kaka: Sikiliza basi. Chaja za siku hizi zikikaa kwenye soketi bila simu zinakula chini ya nusu wati. Mwaka mzima, usiku na mchana, haifiki uniti 5. Hita yenu ya maji ni wati ngapi?

Mama: Imeandikwa 3000.

Kaka: Ikiwaka saa moja na nusu tu, imeshakula kuliko chaja ya mwaka mzima.

Baba: Kwa hiyo miaka miwili yote nimekuwa nikiingia nyuma ya kabati kuchomoa chaja, bure?

Mama: Si bure. Umepata maumivu ya mgongo, tukanunua dawa ya kuchua.

Kitinda: 😂😂😂 Mama jamani

Kaka: Hita inawashwa saa ngapi?

Mama: Alfajiri. Inazimwa tukienda kulala.

Kaka: Hapo ndipo hela zinapopotea. Tangi linapoteza joto kutwa nzima, maji yakipungua moto kidogo hita inajiwasha yenyewe, yakipoa tena inajiwasha tena. Hamuogi, hamuoshi vyombo, yenyewe inafanya kazi. Washeni saa moja kabla ya kuoga, mkimaliza zimeni. Kitu chochote kinachotengeneza joto ndicho cha kukitolea macho: hita, pasi, jiko, birika. Taa za LED za wati 9 mlizobadilisha acheni ziwake, Baba. Msitembee gizani mkavunjika nyonga.

Baba: Nimeelewa. Saa moja kabla. Nitaweka kengele kwenye simu.

Dada Mkubwa: Tukiwa bado huko, kuna glasi ndani ya sinki la bafuni. Nimeiosha na kuirudisha kabatini, nimegombezwa.

Baba: Umeharibu kipimo! Bomba lile linadondosha. Fundi akaniambia ni matone tu mzee, yasikuumize kichwa. Nikatega glasi ya mililita 250, nikakaa na saa. Dakika 20 imejaa. Hiyo ni lita 18 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 6,570. Haba na haba hujaza kibaba. Siku zote nilidhani ni methali ya akiba tu, kumbe hata hasara inajaza.

Kaka: Na ulibadilisha ule mpira wa ndani?

Baba: Bado. Nilikuwa narudia kipimo.

Mama: Wiki ya tatu hii anarudia kipimo.

Kaka: Baba, ni kampira kadogo kuliko shilingi. Funga maji kwenye koki kuu, fungua kichwa cha bomba, ng'oa cha zamani, nenda nacho dukani wakupe saizi hiyohiyo. Na ukiwa bafuni, mwaga rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji kwa robo saa. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, choo nacho kinavuja, na hicho hakina sauti.

Shangazi: Mimi mnisaidie la kwangu. Niliambiwa kununua kwa wingi ndiyo akiba. Nimebeba mfuko mkubwa wa unga, nimefika nusu unatembea wenyewe 😭

Mama: Wifi yangu, pole. Wadudu hao mara nyingi mayai yake unayanunua pamoja na unga. Mimi nikifika nao naugawa kwenye mifuko midogo, unakaa kwenye friza siku 4, ndiyo nautoa na kuutia kwenye makopo ya kufunga. Halafu usiamini ukubwa wa mfuko. Gawa bei kwa kilo. Mara nyingine mifuko midogo miwili ni nafuu kuliko mkubwa mmoja, wanajua hatuhesabu.

Mjukuu: Makopo ya bibi ni noma, kila moja lina jina na tarehe. Ngojeni niwapigie picha
[picha]

Kitinda: Mama hilo kabati limepangika kuliko duka la dawa

Mama: Kopo jipya linaingia nyuma, la zamani linasogea mbele. Zamani tulikuwa tunatupa. Nikaanza kuandika kwenye kidaftari kila tunachotupa, mwezi mmoja tu. Niliona aibu. Kulikuwa na vitu tulivyonunua mara mbili kwa sababu cha kwanza kilijificha nyuma.

Shangazi: Na yale maharage ya kwenye kapu bado unapika?

Mama: Kila wiki. Nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji, naweka mapya, nayachemsha kwa nguvu dakika 20 huku nimefunika. Kisha sufuria na moto wake naizamisha kwenye kapu lenye mablanketi ya zamani, juu naweka mto. Mchana nakuta yameiva, kama kuna ugumu nayarudisha jikoni kidogo. Nguo zinafuliwa, bustani inamwagiliwa, na jiko limezimwa.

Mkwe: Shikamoo Mama. Hizo dakika za mwanzo usizipunguze hata kama unataka kuokoa gesi, hasa maharage mekundu. Yana sumu inayoondoka kwa mchemko mkali tu, uvuguvugu hauitoi. Wagonjwa wa hivyo tunawapokea, wanatapika mpaka huruma.

Mama: Marahaba mwanangu. Sipunguzi.

Mkwe: Samahani Mama, kuna kitu kingine. Mjukuu, hebu piga tena ile picha, rafu ya chini kulia. Isogelee.

Mjukuu: Hapa?
[picha]

Mkwe: Hilo boksi jeupe ni dawa za presha za Baba nilizoleta mimi. Nakumbuka tarehe, ilikuwa tarehe 2 mwezi wa tatu. Vidonge 30, kimoja kila siku. Vilitakiwa kuisha tarehe 31.

Dada Mkubwa: Leo tarehe 19 mwezi wa nne.

Mkwe: Na ile karatasi ya vidonge iliyochungulia nje nahesabu vitano vimebaki.

Kaka: Baba?

Kitinda: Baba anaandika, anaacha, anaandika, anaacha

[Baba amefuta ujumbe huu]

Mama: Niseme mimi. Anameza siku moja, anaruka siku moja. Nimemkuta juzi. Akaniapisha nisiwaambie.

Dada Mkubwa: Mama na wewe ukanyamaza? Nimelala humu ndani jana!

Mama: Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sasa pamejitokeza penyewe.

Baba: Wanangu, msipige kelele. Pensheni ni ileile, bei si zilezile. Paa linataka kuezekwa upande wa nyuma kabla ya mvua, bahasha ya paa haijafika hata nusu. Boksi lile alileta mkwe wangu, la pili ningenunua mimi, nikaona nilivute kidogo. Na sijisikii vibaya hata kidogo. Wenu, Baba.

Mkwe: Baba, presha hiyo ndiyo tabia yake. Hujisikii kitu mpaka siku ya kiharusi, au figo zimeshachoka. Kutojisikia vibaya si kipimo, kipimo ni mashine.

Baba: Je nikikata kidonge katikati, nusu kila siku? Inakuwa kama hesabu ileile.

Mkwe: Hapana Baba. Nusu si kipimo alichokuandikia daktari. Na kuna vidonge vimetengenezwa viachie dawa polepole siku nzima, ukikikata kinaiachia yote kwa mkupuo. Leo meza kimoja kama kawaida. Usimeze viwili kufidia. Kesho asubuhi ukapimwe.

Shangazi: Kaka, penseli ilikuwa penseli.

Mama: Mimi niwaambie ukweli. Kola za mashati nimezifumua nikazigeuza upande wa pili, akavaa miaka mingine mitatu. Kichwa namnyoa mwenyewe, mara moja nilimtoa bonde sikioni akavaa kofia mwezi mzima. Gari la pili tukauza, tunatoka mara moja kwa wiki na orodha. Katika hayo yote sikulalamika, mengine niliyaanzisha mimi. Dawa hapana. Kwenye dawa nimekataa.

Kaka: Baba, bahasha ya paa tutaijazia sisi.

Baba: Sitaki. Mna watoto, mna kodi za nyumba.

Kaka: Basi zitoke humohumo kwenye pensheni, lakini si kwenye boksi la dawa. Tuone zinakokwenda. Mama, leta kile kidaftari.

Mama: Nilikuwa nasubiri mniulize. Ukurasa wa kwanza, kifurushi kikubwa cha king'amuzi. Kila mwezi. Mpira.

Baba: Tumefika huko.

Mama: Anaweka kiti, anavaa na skafu. Dakika ya kumi anakoroma. Mimi ndiye ninayemwambia matokeo asubuhi.

Mjukuu: Babu ni kweli 😂 juzi ulilala hata timu hazijatoka kwenye chumba

Mkwe: Kifurushi hicho kwa mwezi ni kiasi gani ukilinganisha na dawa?

Mama: Boksi mbili na chenji inabaki.

Dada Mkubwa: 🙆🏾‍♀️

Kitinda: Yaani mstari kwenye birika, chaja zinachomolewa, na kifurushi kikubwa kinakatwa kila mwezi kimya kimya

Baba: Kinakatwa chenyewe. Sikionagi kikitoka.

Kaka: Ndiyo maana. Cha kutoka mkononi unakisikia, cha kukatwa chenyewe hukisikii. Wangekuwa wanakuja kugonga mlango kila mwezi kuchukua taslimu ungekuwa umeshawafukuza.

Mkwe: Na dawa yenyewe bei inaweza kushuka. Lile boksi nilileta la jina la kibiashara, ndilo lililokuwepo siku ile. Ipo yenye kiambata kilekile na kipimo kilekile inayouzwa kwa jina la dawa yenyewe, na huwa ni nafuu. Kesho mwulizeni daktari.

Baba: Kifurushi nitashusha. Kukata kabisa sitakata. Nina haki zangu.

Mama: Shusha, utalala vilevile.

Shangazi: Mechi kubwa njoo uangalie kwangu kaka. Mablanketi ninayo.

Jumatatu, 20/04

Dada Mkubwa: Tumetoka kupima. 158 kwa 96. Daktari hakugomba, ila alivua miwani akamtazama kwa muda mrefu. Kimoja kila siku bila kuruka, arudi baada ya wiki mbili. Dawa ya jina la kawaida ipo, amebadilishiwa.

Kaka: Bei?

Dada Mkubwa: Haifiki nusu ya ile. Baba ameisoma risiti mara tatu mpaka nje ya geti.

Baba: Nilikuwa nahakikisha. Wenu, Baba.

Kitinda: Na kifurushi?

Mama: Amepiga simu mwenyewe, nimesimama pembeni. Wakamwekea muziki dakika nyingi, akawa anapiga mguu. Kimeshushwa.

Mkwe: Asante Mama. Leo amemeza?

Mama: Amemeza mbele yangu, akafungua na mdomo nikaona. Halafu nimechukua ile rangi ya kucha nikaweka nukta kwenye karatasi ya vidonge, kila siku ya Jumapili. Jumapili ikifika hajafika kwenye nukta, nalijaza birika pomoni.

Kitinda: 😂😂😂

Baba: Bomba nimebadilisha mpira. Glasi imekaa saa nzima, kavu. Wenu, Baba.

Dada Mkubwa: Naomba basi niirudishe kabatini.

Baba: Iache mpaka kesho.