Mwaka mmoja wa uenyekiti wa umoja wa wahitimu: fulana zililipiwa ndani ya siku tano, vyoo mpaka leo havina bati

Wakuu, naandika hapa kwa sababu kule kwenye grupu letu kitu cha maana hakikai. Ukiandika, ndani ya dakika kumi kimezikwa na "asubuhi njema" na video za mapishi. Shule siitaji. Ipo Dar, ya serikali, ya kutwa, mchanganyiko, na wahusika mkisoma mistari mitatu mtajijua. Uzi ni mrefu. Haya nimekaa nayo kifuani mwaka mzima, leo yanatoka.

Nianze na nilivyoupata huo uenyekiti, maana kuna watu wanasema niliutafuta. Ilikuwa siku ya bonanza. Uchaguzi unafanyika mimi niko kwenye foleni ya pilau. Narudi na sahani yangu, sijakaa, nasikia makofi, dada mmoja niliyemaliza naye 2008 ananirukia: "Hongera mwenyekiti!" Nimepita bila kupingwa na bila kuulizwa. Ningekuwa na akili timamu siku ile ningeweka sahani chini nikaita bodaboda.

Grupu lina watu 412. Tulikubaliana, kwa mikono juu, ada ya uanachama iwe elfu mbili kwa mwezi. Elfu mbili, wakuu. Hela ya chipsi kavu. Usiku ule nilipiga hesabu kitandani: 412 mara elfu mbili ni 824,000 kwa mwezi, kwa mwaka inakaribia milioni kumi. Nililala na furaha ya kijinga kabisa. Waliolipa mwaka mzima ni watu 31. Wengine kama hamsini hivi walilipa mwezi mmoja, miwili, mitatu, wakaota mbawa. Jumla ya ada zote kwa mwaka ni 1,012,000. Waliobaki wapo tu, wanasoma, wanacheka, wanaweka vidole gumba, na ukiwakumbusha unaambiwa "dada mwenyekiti umezidi, hili si grupu la vikoba."

Haya, njoo kwenye fulana. Fulana moja 20,000. Siku tatu grupu halilali, maruni au bluu ya bahari, kola au bila kola, nembo kifuani au mgongoni. Watu ambao sijawahi kuona jina lao tangu grupu lianzishwe waliibuka na maoni kuhusu kola! Ndani ya siku tano watu 96 wamelipa. Hakuna aliyeuliza risiti. Hakuna aliyesema hali ngumu. Ile ile simu inayokosa salio la elfu mbili ilipata elfu ishirini kabla ya Ijumaa.

Sasa niwaeleze elfu mbili ilikuwa ya nini. Mwezi wa tatu nilienda shuleni na katibu, mkuu wa shule akatuzungusha. Nyuma ya madarasa ya kidato cha pili vyoo vya wasichana ni vilevile tulivyotumia sisi. Mlango wa tatu kutoka kushoto, ule ambao bawaba ilikatika tukiwa kidato cha tatu, sasa haupo kabisa. Pale palipokuwa na mlango amesimama msichana, amekipa choo mgongo, mikono kaitanua, kashika sweta la shule kama pazia. Mwenzake yuko ndani. Alipotuona akashtuka, akasema "shikamooni" na sweta hakulishusha hata kidogo. Kengele ikagongwa. Kwenye foleni walikuwepo wengine sita na hakuna aliyeondoka.

Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Pale wasichana ni 640, matundu yanayotumika ni tisa. Gawanya mwenyewe.

Picha ya ule mlango niliituma kwenye grupu. Nikapata nyuso za kulia 40 na kitu. Na nikampata bingwa wetu wa hoja, yule ambaye mchango wowote ukitajwa anaandika "elimu si bure siku hizi?" Kaka, nakujibu hapa kwa sababu kule ulinifanya nionekane sijui kitu. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Kilichofutwa ni ada, na kwa shule ya kutwa kama yetu ilikuwa 20,000 kwa mwaka, wewe mwenyewe uliilipa kwa mafungu na kuna asubuhi ulirudishwa nyumbani, tulikuwa darasa moja. Kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi mchango. Mtu mzima mwenye Crown kutoa elfu hamsini kwa hiari yake hajakatazwa na yeyote.

Basi, tukaamua kufanya hafla ya chakula cha jioni, ukumbi Sinza, na harambee humohumo. Fundi alishatupigia hesabu: matundu sita mapya, 6,800,000. Jamani, ile hafla ilipendeza. Kaka yetu mmoja, katutangulia miaka kadhaa, akaitwa mbele, MC akamwekea wimbo, akazunguka meza mbili akicheza, akashika kipaza sauti: "Milioni tatu!" Ukumbi mzima ukasimama. Vigelegele. Akina dada wakamvisha khanga. Mwingine, asionekane kapitwa, milioni mbili. Mwingine akasema bati zote juu yake. Zote! Mwisho wa usiku ahadi zilifika 11,400,000, bati bado hujazihesabu. Taslimu mezani: 570,000. Mhazini alizihesabu mara mbili, akainama kuangalia chini ya meza kama kuna bahasha imedondoka.

Kudai ahadi ndiyo kazi niliyoifanya mwaka huu. Uenyekiti wenyewe ulikuwa wa kuendea misibani tu. Wa milioni tatu nimempigia mpaka sauti ya "mteja unayempigia" nimeizoea kama ya shangazi yangu. Akipokea yuko Dodoma. Siku moja namkuta Mlimani City, Dodoma imemfuata huku, anasukuma toroli limejaa, yuko na mkewe. Akanitambulisha kwa furaha: "Huyu ndiye mwenyekiti wetu, mchapakazi sana huyu." Kisha akanigeukia: "Dada, nitumie tena namba ya mhazini, ile niliipoteza." Nilikuwa nimeshamtumia mara sita. Ya saba nikamtumia palepale, simu ikalia mfukoni mwake, tukaisikia wote watatu. Mke akamwangalia. Mimi nikaaga.

Wa bati naye ukimkumbusha anauliza, "Kwani mmeshafika kwenye bati?" Tumefika, kaka. Ukuta uko kwenye lenta tangu mwezi wa nane. Sasa anasema atatoa tukishaweka mbao, na mbao zilikuwa zitoke kwenye ile milioni tatu.

Tuje kwenye lililonifanya niandike. Wiki iliyopita kuna mjumbe karekodi sauti ya dakika nne na kuimwaga kwenye grupu. Anasema kapiga hesabu zangu na kuna 43,000 haionekani. Hakutaja jina, kasema tu "viongozi wetu wanawake tuliwaamini." Na ile sauti ikasikilizwa! Watu ambao mwaka mzima hawakufungua hata taarifa moja ya mapato niliyoweka walisikiliza dakika nne zote wakajibu "hili lichunguzwe."

Sikilizeni, naichunguza hapa. Faida ya fulana: fundi cherehani alitutoza 12,000 kwa moja, tuliuza 20,000, watu 96, ni 768,000. Ada 1,012,000. Taslimu ya harambee 570,000. Jumla 2,350,000. Kuchimba shimo 350,000. Tofali za inchi sita 900 kwa 1,300, ni 1,170,000. Saruji mifuko 30 kwa 16,000, ni 480,000. Fundi 250,000, na hapo amekubali nusu kwa sababu binti yake anasoma palepale. Jumla 2,250,000. Mchanga hamuuoni kwenye hesabu kwa sababu mzazi mmoja, dereva wa lori, alimwaga tripu nzima bure. Hakusoma pale. Hana hata fulana.

Inabaki laki moja. Iliyopo kwenye simu ya mhazini ni 57,000. Na 43,000 ni makato ya kutoa hela, mwaka mzima, muamala kwa muamala. Mjumbe, wewe unayetumia simu kila siku, ulidhani wakala anatoa hela kwa upendo?

"Kwa nini hamtumii benki?" Nalo mmeuliza. Benki inataka cheti cha usajili. Ukienda kwa Msajili wa Jumuiya anataka katiba, muhtasari wa kikao, wasifu wa viongozi. Katiba iko kwa mwanasheria wetu wa kujitolea, miezi tisa sasa "anaipitia", kurasa kumi na moja. Kikao cha kuipitisha tuliitisha mara mbili na akidi haikutimia. Mara ya kwanza ilikuwa masika, barabara ya Jangwani imefungwa kwa mafuriko, nikaelewa. Mara ya pili ilikuwa siku ya Simba na Yanga, na hapo, haya, nakubali, kosa ni langu, mwenyekiti gani wa Dar anapanga kikao bila kuangalia ratiba ya ligi.

Vikao vilivyofanyika navyo, Mungu anawaona. Vinaitwa saa kumi alasiri, watu wanafika saa kumi na mbili, saa nzima ya kwanza ni kuagiza na kulalamika nyama imechelewa. Wa Gongo la Mboto wanasema Sinza mbali, wa Kigamboni wanasema wana pantoni ya kuwahi, wa Tegeta hawaji kabisa ila wanatuma maoni. Ajenda zinapita mbio kama mwendokasi isiyosimama vituoni, ila "mengineyo" inachukua saa mbili, na mengineyo siku zote ni bonanza lijalo.

Shule nayo haijambo. Mahafali ya kidato cha nne tulialikwa kwa barua yenye muhuri. Kwenye ratiba imeandikwa "Salamu za wahitimu wa zamani, dakika 5." Nilikesha kuandika dakika tano hizo. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi, akaingia saa saba na nusu, watoto wameloa jasho chini ya turubai na ngonjera wameshaisahau. Ili kufidia muda, salamu zetu zikafutwa. Lakini harambee ya mashine ya fotokopi ilipofika, MC alitukumbuka vizuri tu, akatuita kwa cheo: "Wahitimu wetu, simameni tuwaone!" Tukasimama. Nikatoa elfu thelathini zangu za mfukoni. Ningefanya nini, nimesimama mbele ya watu mia nane.

Kimoja kinachokwenda vizuri nikiseme, nisije nikaitwa mchawi: misiba. Mwenzetu akifiwa, rambirambi inachangwa siku hiyohiyo, gari linapatikana, watu wanajaa mpaka barabarani. Hapo hamna mpinzani. Kwa hiyo hela mnazo na moyo mnao, ndiyo maana nina hasira. Mngekuwa maskini au wabaya ningeshawasamehe.

Mume wangu siku hizi ananiita mheshimiwa wa matundu. Vocha zangu, nauli zangu, Jumamosi zangu 52 zimeishia huko, na zawadi yake ni "lichunguzwe."

Basi lichunguzwe. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, naitisha mkutano. Sio Sinza. Shuleni, pale kwenye ule ukuta usio na bati. Mhazini anakuja na kitabu cha risiti na taarifa ya miamala iliyochapishwa, karatasi 14, na hizo 57,000 zitakuwa mezani. Tofali ziko ukutani, anayetaka kuzihesabu ruksa, aanzie upande wa kulia maana kushoto wavulana wameshachora goli. Mjumbe wa sauti ya dakika nne, nafasi ya mwenyekiti nakuachia, siku hiyohiyo, na orodha ya ahadi zote nakukabidhi ikiwa na namba za simu. Wa milioni tatu anapokea vizuri zaidi asubuhi sana, kabla hajajua siku ni ipi.

Nitakuwepo mpaka saa nane mchana.

Nyongeza, saa tano usiku: nimeweka tangazo la mkutano kwenye grupu. Limesomwa na watu 188. Mmoja tu ndiye aliyenijibu, pembeni, anauliza kama kutakuwa na msosi.